Bunagana: Taa za redio nazo zilikuwa na mpaka wake

Bunagana, mji mdogo wa mpakani katika usultani wa Bwisha, wilaya ya Rutshuru, siku hizi unatajwa zaidi katika habari za vita. Waasi wa M23 waliuteka Julai 2012, ukarudi mikononi mwa serikali mwishoni mwa Oktoba 2013, kisha ukatekwa tena tarehe 13 Juni 2022. Lakini kazi yake ya siku zote ni kuwa mlango. Mizigo inayotoka Mombasa na Kampala hupita Kisoro, hufika kizuizini, halafu huteremka kuelekea Rutshuru na Goma. Kuna mzigo mmoja mdogo ambao siku hizi hakuna anayeuulizia: taa za redio na za amplifaya, zile za kioo zilizowaka rangi ya chungwa nyuma ya kitambaa cha spika.

Upande wa Kongo, kwa sababu ya Kifaransa, fundi aliziita lampe. Upande wa Uganda, kwa sababu ya Kiingereza, aliziita vali. Kitu ni kile kile. Ndani ya kioo hakuna hewa. Kuna waya unaopashwa moto, kuna kathodi inayotoa elektroni, kuna bamba la anodi linalozipokea, na katikati yake kuna gridi inayofungua na kufunga njia kama mlango wa zizi. Sauti ndogo ya maikrofoni au ya gitaa huingia kwenye gridi, na sauti kubwa hutoka kwenye anodi. Taa ikichoka, amplifaya hunyamaza au huanza kukoroma. Hapo fundi huuliza swali ambalo limewasumbua mafundi wa dunia nzima kwa miaka 90: je, taa nyingine inaweza kukaa kwenye kiti cha hii?

Kwa mtu wa Bunagana swali hilo lilikuwa zito zaidi, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwezi wa Mei 1910, Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zilikubaliana mjini Brussels kuhusu mipaka ya eneo hili la milima ya volkano. Bufumbira, yaani Kisoro ya leo, ikabaki kwa Mwingereza, na Jomba na Rutshuru zikabaki kwa Mbelgiji. Familia zilizosalimiana kwa lugha moja zikajikuta chini ya serikali mbili, sheria mbili za barabara, fedha mbili, na baadaye, redio zilipoingia, mitambo ya aina mbili.

Upande wa Mbelgiji vitu vya umeme vilitoka zaidi Ulaya bara. Ubelgiji ilikuwa na kiwanda chake cha taa, MBLE cha Brussels, kilichokuwa na uhusiano na Philips ya Uholanzi, na ilikuwa na kampuni ya redio iliyoitwa SBR. Upande wa Mwingereza zilikuja Mullard, Marconi-Osram na Ever Ready. Juu ya yote hayo zilikuwepo taa za Kimarekani za RCA na wenzake, ambazo vita ya pili ya dunia ilizisambaza kila mahali. Kila ukoo ulikuwa na namna yake ya kuzipa taa majina.

Majina ya Philips yalitungwa mwaka 1934 kwa akili nzuri, na Mullard, ambayo Philips ilikuwa imeinunua, iliyafuata. Herufi ya kwanza inasema taa inapashwa moto vipi. E ni volti 6.3. D ni ya betri, volti 1.4. U ni ile inayopitisha miliampea 100, P miliampea 300. Herufi zinazofuata zinasema kazi: C ni taa ya kukuza sauti ndogo, L ni ya nguvu inayosukuma spika, Z na Y ni za kunyoosha umeme. Kwa hiyo anayejua kusoma, akiona ECC83 anajua kwamba ni taa ya volti 6.3 yenye vikuzaji viwili ndani ya kioo kimoja. Wamarekani taa hiyo hiyo waliiita 12AX7, na Marconi-Osram waliiita B339. Ile ndogo ya nguvu, EL84, Mmarekani aliiita 6BQ5 na Marconi-Osram N709. Taa ya redio ya betri iliyoitwa DK91 kwenye boksi la Philips iliitwa 1R5 kwenye boksi la Kimarekani na X17 kwenye boksi la Marconi-Osram.

Hapo ndipo fundi aliyebeba boksi kutoka upande mmoja kwenda mwingine alipohitaji kuwa na daftari. Mtego mbaya kuliko yote ni herufi U. Kwa Philips, U ni namna ya kupasha moto. Kwa Marconi-Osram, U ilikuwa alama ya taa za kunyoosha umeme: U50 yao ni ile Wamarekani waliyoiita 5Y3, na U52 ni 5U4. Mtu akisoma herufi hiyo kwa macho ya Brussels kwenye boksi la London, atapotea kabisa.

Redio nyingi za kwanza vijijini zilikuwa za betri, maana umeme wa waya haukuwepo. Redio hizo zilitumia familia ya D: DK91, DF91, DAF91 na DL92, na betri nzito ya volti 90 pamoja na nyingine ndogo ya kupasha moto. Kwenye familia hiyo kubadilisha kulikuwa rahisi, kwa sababu viwanda vyote vilinakili taa zile zile na miguu yake inalingana. Aliyepata 3S4 aliiweka mahali pa DL92 bila kugusa waya wowote. Tatizo lilikuwa betri yenyewe na bei yake.

Penye umeme mambo yalikuwa mengine. Redio za bei nafuu za Ulaya hazikuwa na transfoma. Nyuzi za taa zote zilifungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kama shanga. Seti ya kawaida ya miaka ya 1950 ilikuwa na UCH42 ya volti 14, UF41 ya 12.6, UBC41 ya 14, UL41 ya 45 na UY41 ya 31. Ukijumlisha unapata volti 116.6, na zinazobaki hadi 220 zilimezwa na rezista kubwa yenye joto. Moja ikikatika, zote zinazima. Na kwa sababu hakuna transfoma, chuma cha redio kinaweza kuwa na umeme wa nyumba mzima mzima. Wengi waliorushwa na redio walirushwa na zile.

Fundi aliyekosa UY41 hakulazimika kuisubiri meli ya Antwerp. Miaka ya 1960 diodi za silikoni zilipoanza kupatikana, aliweza kuweka diodi moja badala ya taa, lakini alilazimika pia kujaza pengo la volti 31 kwenye mfululizo. Volti 31 kwa miliampea 100 ni rezista ya ohmu 310, yenye kumudu zaidi ya wati 3. Asiyefanya hesabu hiyo aliunganisha waya tu, zile taa nne zilizobaki zikagawana volti za marehemu, na baada ya wiki chache zikaanza kumfuata. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini ilitenganisha mafundi na wavunjaji.

Mpaka ulileta pia tofauti nyingine. Uganda umeme wake ni wa volti 240. Kongo ni 220. Redio ya transfoma iliyopangwa kwa 220 ikivushwa na kuchomekwa upande wa pili, volti 6.3 za taa zinakuwa karibu 6.9. Taa inawaka vizuri zaidi kwa macho, mwenye mali anafurahi, na kumbe umri wake unapungua kila usiku. Redio nyingi za Philips zilikuwa na kitufe nyuma cha kuchagua volti. Ni watu wachache waliokigeuza.

Kuhusu muziki, historia ya Kongo inajulikana. Wendo Kolosoy alirekodi kwa Ngoma mjini Léopoldville mwaka 1948, na mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, aliyefungua studio ya CEFA, anatajwa kuwa ndiye aliyeingiza gitaa la umeme mjini humo. Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mwaka 1956. Gitaa la umeme bila amplifaya ni kipande cha mbao, na amplifaya ya wakati huo ilikuwa ya taa. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao. Vyombo vilikuwa vya mwenye baa au vya mfadhili. Taa ya nguvu ikifa Jumamosi jioni, hakuna dansi. Na dansi isipokuwepo, mpiga gitaa hapati kitu cha kupeleka nyumbani, huku mwenye vyombo akimdai gharama. Kwa hiyo kubadilisha taa lilikuwa jambo la mkate.

Kisha maduka yakafungwa, na hili ndilo jambo ambalo historia ya mpaka huu inaonyesha kuliko historia ya Kinshasa au ya Kampala peke yake. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku 90. Biashara ya rejareja ya Uganda, pamoja na maduka mengi ya redio na vipuri, ilikuwa mikononi mwao. Tarehe 30 Novemba 1973, miezi 16 tu baadaye, Mobutu alitangaza Zaïrianisation: maduka na mashamba ya Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wabelgiji na wageni wengine yakagawiwa Wazaire. Wengi waliogawiwa waliuza kilichokuwemo na hawakuagiza kingine. Mtu wa Bunagana ambaye angekosa kitu Goma angevuka kwenda kukitafuta Kisoro, Kabale au Kampala; na aliyekosa huko angerudi huku. Katika mwaka mmoja na nusu milango yote miwili ikawa na rafu tupu.

Mobutu aliwaita wenye mali warudi mwaka 1976. Mwaka huo huo RCA, kampuni iliyoipa dunia sehemu kubwa ya taa zilizotajwa hapa, ilifunga kiwanda chake cha taa cha Harrison, New Jersey. Hata ambaye angerudi na leseni ya kuagiza, alichotakiwa kuagiza kilikuwa kinaelekea kwisha duniani. Mullard nayo iliacha kutengeneza taa hizi Blackburn mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Isidhaniwe kwamba kubadilisha taa kwa sababu ya uhaba ni tabia ya nchi maskini. Amplifaya maarufu kuliko zote za gitaa zilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1962 Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na fundi wake Ken Bran na kijana Dudley Craven, walinakili amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman. Ile ya Fender ilitumia taa za nguvu aina ya 5881, ndugu imara wa 6L6. Wakina Marshall walianza nazo, lakini Uingereza taa za Kimarekani zilikuwa ghali na adimu, wakahamia KT66 ya Kiingereza, na kufikia mwaka 1967 hivi wakawa wamehamia EL34. Mwanzoni kabisa mwa njia ya sauti, Fender aliweka 12AY7, ambayo hukuza mara 44 hivi. Wao waliweka ECC83, ambayo hukuza mara 100. Gitaa likaanza kupasuka sauti mapema, na kelele hiyo ikawa muziki wa kizazi kizima. Mashine hizo zilipopelekwa Marekani katika miaka ya 1970, msambazaji wa huko alizitoa EL34, akaweka 6550, kwa kuwa EL34 zilimletea malalamiko. Kila mtu alitumia alichonacho.

Lakini wakina Marshall walikuwa na vitabu vya viwanda mezani. Mafundi wa huku walifanya kazi ile ile kwa kukumbuka na kujaribu, na tofauti kati ya taa hizo si ndogo. 6V6 na 6L6 zina kitako kimoja cha miguu minane na miguu imepangwa sawasawa, kwa hiyo mkono unashawishika. Waya wa 6V6 unakunywa ampea 0.45, wa 6L6 unakunywa 0.9. Ukiweka 6L6 mbili mahali pa 6V6 mbili, umeiongezea transfoma mzigo wa ampea 0.9 ambao haikupangiwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: 6V6 ndani ya mashine ya volti 450 haimalizi wiki.

EL34 inataka ampea 1.5. Tena mguu wake wa kwanza ni gridi ya tatu, ambayo lazima iungwe na mguu wa nane. Kwenye 6L6 nyingi mguu wa kwanza hauna kazi, na mafundi wa Fender waliutumia kama kigingi cha kufungia rezista. Anayechomeka EL34 hapo bila kutazama chini ya chuma anaweza kuipelekea gridi hiyo umeme wa mahali pengine kabisa. Halafu kuna volti hasi ya gridi, inayoamua taa ipitishe mkondo kiasi gani ikiwa kimya. Kwa mashine ya volti 450 hivi, EL34 inatosheka na hasi 36 au 38. 6L6GC inataka hasi 45 hadi 52. Mashine iliyopangwa kwa EL34 ikiwekewa 6L6 inapitisha mkondo kupita kiasi, na bamba la anodi linaiva wekundu kama jiwe la figa. Wanaosimama jukwaani huona wekundu huo kuwa mapambo. Fundi akiuona anakimbilia swichi.

Taa ndogo zina huruma. ECC81, ECC82 na ECC83 zina miguu ile ile tisa na zinakunywa umeme sawa, ila zinakuza mara 60, mara 17 hivi na mara 100. Aliyekosa ECC83 akaweka ECC82 hakuunguza kitu. Mwimbaji wake alisikika kama yuko chumba cha pili, basi. Ya kunyoosha umeme, GZ34, ikibadilishwa na 5Y3 volti za mashine zinashuka na sauti inalegea. Ikibadilishwa na diodi za silikoni volti zinapanda, tena zinafika papo hapo kabla taa nyingine hazijapata moto, na kapasita za zamani hupasukia hapo.

Kitu cha kulinda katika yote haya ni transfoma. Taa hununuliwa tena. Transfoma ya kutoa sauti iliyoungua inatakiwa kufumuliwa na kuzungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, na mlimani kazi hiyo haina mtu. Amplifaya nyingi zilizotupwa hazikuuawa na uzee. Ziliuawa na taa ya jirani iliyowekwa kwa haraka ili dansi liendelee. Na zipo zilizoua watu: kapasita za mashine ya volti 400 hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Transista zilimaliza ubishi huo. Zilikuwa ndogo, zilikula betri za tochi, na hazikuhitaji kubadilishwa. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alikuza sauti ya likembe kwa maikrofoni alizojitengenezea kutokana na sumaku za mabaki ya magari, na dunia ikaja kumshangilia baada ya mwaka 2004. Akili ya fundi haikwisha na taa.

Kuna jambo moja la kuudhi katika historia hii. Waya unaowaka ndani ya taa ni wa wolframu. Kigezi, upande wa Uganda, kulikuwa na machimbo ya wolframu ya Kirwa na Nyamuliro tangu wakati wa Mwingereza, na Kivu na Rwanda nazo zilichimbwa. Taa kubwa za mitambo ya kurushia matangazo zilikuwa na anodi za tantali, madini ambayo leo yanatoka Rubaya, Masisi, na kuingia ndani ya simu. Kulehemu kunataka bati, nalo linatoka humu humu. Udongo ulitoka kwa kilo na ukarudi ndani ya kioo kwa bei ya duka, na duka lilipofungwa, mwenye udongo akabaki anahesabu ohmu 310.

Taa zinatengenezwa bado. Viwanda vinavyojulikana ni vichache: Saratov nchini Urusi, JJ Electronic mjini Čadca, Slovakia, na vya China. Machi 2022, Urusi ilipozuia bidhaa zake kutoka nje, wapiga gitaa wa Marekani na Ulaya walinunua kwa pupa na bei zikapanda. Baadaye taa za Saratov ziliruhusiwa tena. Kwa wiki chache wao pia walikuwa wakiulizana kipi kinakaa kwenye kiti cha kipi. Wengi walikimbilia akiba za zamani za Kisovieti, kama 6N2P, inayokuza mara 100 kama ECC83 na ina miguu tisa kama yake. Lakini mguu wake wa tisa ni kinga tu ya ndani, hauna waya wa moto, na volti 6.3 zake zinapita kati ya mguu wa nne na wa tano. Kwenye soketi ya ECC83 iliyofungwa kwa volti 6.3, miguu hiyo miwili imeunganishwa pamoja. Taa inaingia bila taabu, na haiwaki.